Je, Ufadhili ni Haki ya Mwenye Alama?



Muhula uliopita, baada ya swala ya Ijumaa, Amiri alinishika mkono nje ya msikiti wa chuo akaniambia nimechaguliwa kuwa mmoja wa watu watatu watakaogawa fedha za mfuko wetu. Nikamuuliza kwa nini mimi. Akacheka. "Wewe si ndiye unayesoma bure kwa akili zako? Basi utamjua anayefanana nawe."

Alisema kwa mapenzi, na wala simlaumu. Lakini maneno yale, "bure" na "akili zako", nimekwenda nayo hosteli, nimelala nayo, na ndiyo yaliyonifanya niandike makala hii.

Kwa ambao hawaujui mfuko wetu: ni visanduku vya sadaka vya Ijumaa pamoja na kidogo wanachotuma ndugu waliohitimu. Muhula ule, baada ya kununua mikeka ya upande wa akina dada, zilibaki fedha za kumlipia mtu mmoja salio la ada ili apate kadi ya mtihani. Mtu mmoja tu. Tangazo lilibandikwa karibu na mabomba ya kutawadhia na likapelekwa kwenye kundi la WhatsApp. Lilisema mfuko utamsaidia mwanafunzi Mwislamu kutoka nje ya nchi, wa shahada ya kwanza, "mwenye ufaulu bora". Hakuna aliyeuliza maneno hayo ya mwisho yametoka wapi. Tuliyanakili kutoka matangazo ya ufadhili mkubwa, kama mtu anavyonakili barua ya kuomba kazi ya rafiki yake na kubadilisha jina.

Zilikuja barua kumi na moja. Tisa zilianguka haraka. Wengine hawakuwa na deni, mmoja alikuwa raia wa hapa hapa tangu babu yake, na mmoja aliandika sentensi moja tu ya kutuombea dua, nasi tukaipokea dua yake. Zikabaki mbili.

Ya kwanza ilikuwa ya dada wa mwaka wa pili, anasoma famasia, ametoka pwani ya Kenya. Wastani wake ni 4.6 kati ya 5. Barua ilikuwa na mistari sita na haikulalamika popote. Ya pili ilikuwa ya ndugu wa mwaka wa tatu kutoka Uvira, ng'ambo ya ziwa ukiwa kwetu Bujumbura. Wastani wake ni 3.2. Barua yake ilikuwa kurasa tatu. Anafanya kazi katika tanuri la mikate mjini, kuanzia saa nne usiku hadi saa kumi alfajiri, na sehemu ya ujira huo anaituma nyumbani. Hilo la tanuri halikuhitaji barua. Wanaoswali Alfajiri msikitini wamemwona akija na unga kwenye nyusi. Siku moja nilikuwa safu moja naye. Alisujudu akalala pale pale, mpaka wa pembeni alipomgusa bega.

Nilipomaliza kusoma nilikuwa nimeshaamua. Fedha apewe wa mikate. Nilidhani ninaamua kwa huruma. Sasa najua nilikuwa nalipa deni langu mwenyewe kwa fedha za watu.

Deni lenyewe ni hili. Nimekulia Buyenzi, mtaa ambao Kiswahili ni lugha ya barazani na Kifaransa ni lugha ya ubao wa shule. Nilikuwa na jirani, rika langu, tuliyekaa naye dawati moja miaka minne. Hisabati nilifundishwa na yeye. Alikuwa akiniandikia kwa mkaa kwenye ukuta wa nyuma ya nyumba yao. Mama yake alitukaripia kila siku, lakini ule ukuta hakuuosha mpaka tulipomaliza mtihani wa taifa. Matokeo yalipotoka, jirani yangu alinishinda.

Tangazo la ufadhili lilikuja mwaka huo huo. Masomo nje ya nchi, ada, chakula na malazi, kwa wenye alama kuanzia kiwango fulani. Sote wawili tulikivuka. Ila walitaka pia pasipoti, cheti kilichotafsiriwa kutoka Kifaransa kwenda Kiingereza chenye muhuri, na barua ya daktari, vyote ndani ya wiki tatu. Mimi nina mjomba anayeendesha malori ya Kampala. Alilipa vyote, hakuuliza hata risiti. Jirani yangu hakuwa na mjomba wa namna hiyo. Alinijia jioni moja akaniuliza kama mjomba anaweza kumkopesha. Nikamwambia mjomba hana tena. Huenda ilikuwa kweli. Lakini mjomba sikumuuliza.

Leo yeye anatengeneza simu katika soko la Ruvumera na mimi nasoma Masomo ya Kiislamu mwaka wa tatu. Kwa hiyo mtu akiniambia nasoma kwa akili zangu, mimi naona ule ukuta.

Sasa tuje kwenye swali, maana makala hii si ya kuungama tu. Je, mwenye alama nyingi ana haki na ufadhili? Yaani asipopewa amedhulumiwa, na akipewa amechukua chake?

Lugha yetu imebeba jibu zaidi kuliko tunavyodhani. Wakenya husema basari, Watanzania wengi husema skolashipu, sisi wa Bujumbura tumezoea kusema burse kwa sababu ya Kifaransa. Lakini Kiswahili chenye mizizi kinasema ufadhili, na ufadhili umetokana na fadhila. Fadhila ni kile kinachozidi haki. Mwajiri akikupa mshahara wako hakukufadhili. Akikuongezea juu yake, hapo amekufadhili. Ukisema "ufadhili ni haki yangu" umegonganisha maneno mawili ambayo kila moja linamkana mwenzake.

Kisha kuna maneno mengine mawili tunayoyachanganya kila siku: kustahiki na kustahili. La kwanza lina asili moja na haki. Anayestahiki anaweza kudai, na akinyimwa anaweza kwenda kwa kadhi. La pili limetokana na ahli. Anayestahili ni ahli wa jambo, anafaa kulibeba. Wanafunzi wa usuli wanaijua ahliya: ni kufaa kwa mtu kubebeshwa wajibu na kupewa haki, na haina uhusiano na kujivuna. Mtu anaweza kustahili uimamu na asiwe na haki ya kumsukuma imamu aliyepo. Nadhani sehemu kubwa ya ugomvi wetu juu ya ufadhili inatokana na kuteleza kutoka neno moja kwenda jingine. Tunathibitisha kwamba fulani anastahili, halafu tunaongea kana kwamba tumethibitisha kwamba anastahiki.

Wenzetu wa somo la ilmul-kalam wataniambia mjadala huu ni wa kale, na ni kweli. Muutazila walisema thawabu ni stahiki ya mja: ametenda, basi uadilifu wa Mwenyezi Mungu unalazimu alipwe. Maashaira wakasema hapana, adhabu ni uadilifu wake na thawabu ni fadhila yake, na hakuna mja anayemdai Mola wake. Wanaegemea, pamoja na mengine, hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim, ambamo Mtume (SAW) aliwaambia masahaba kwamba matendo ya mtu peke yake hayatamwingiza Peponi, na walipomuuliza kuhusu yeye mwenyewe, naye akajiweka humo isipokuwa kwa rehema ya Mola wake. Kama alama za mbinguni zenyewe haziwi hati ya madai, zangu za muhula wa pili ni nini?

Kuna kisa kinachosimuliwa juu ya Abul-Hasan al-Ash'ari na mwalimu wake al-Jubbai, aliyekuwa kiongozi wa Muutazila wa Basra. Wapo wanaotilia shaka kama mazungumzo yale yalitokea kweli, lakini hoja yake haihitaji kutokea. Kuna ndugu watatu: muumini, kafiri, na mtoto aliyekufa kabla ya kubaleghe. Mtoto anataka daraja ya kaka yake aliye Peponi. Ataambiwa kaka yake aliifikia kwa matendo. Naye atasema: na mimi sikupewa muda. Ataambiwa Mungu alijua angeishi angeasi, kwa hiyo kufa mapema kulikuwa kheri yake. Hapo ndugu wa motoni ananyanyua sauti: basi kwa nini sikufishwa mdogo? Inasemwa al-Jubbai hakuwa na jibu.

Walimu hutumia kisa hiki kuvunja hoja moja ya Muutazila. Mimi kila nikikisoma nakwama kwa yule mtoto. Sikupewa muda. Wiki tatu za pasipoti na tafsiri ni muda. Saa sita za usiku mbele ya tanuri ni muda. Alama ni matendo ya mtu yaliyopimwa, sawa, lakini muda wa kuyatenda aliupewa na nani?

Na Qur'ani imetupa sura ya mtu aliyejibu swali hilo vibaya. Katika Suratul-Qasas, Qaruni alipoambiwa atende wema kama alivyotendewa, jibu lake lilikuwa kwamba aliyopewa ameyapata kwa elimu aliyonayo. Hakusema ameiba. Hakusema amerithi. Alisema kile kile tunachosema sisi wenye barua za ufadhili: nimepata kwa kichwa changu. Wengi humkumbuka Qaruni kwa funguo za hazina zake na kwa ardhi iliyomdidimiza. Mimi namkumbuka kwa sentensi ile, kwa sababu nimewahi kuisema, kwa Kifaransa, mbele ya jopo la usaili, nikiwa nimevaa shati la mjomba.

Kwa hoja hizi niliingia kikaoni nikidhani nimeshinda. Alama si zetu, basi tusizitazame, tutazame haja.

Mweka hazina wetu ni kijana wa uhasibu, na hana muda na ilmul-kalam. Alinisikiliza mpaka mwisho akasema, "Ndugu yangu, umaskini hauna cheti." Akaeleza. Mwaka uliotangulia mfuko uligawa kwa haja, na barua zilizokuja zilishindana kwa machozi. Aliyejua kuandika alipata, asiyejua alikosa. Mmoja wao baadaye alionekana na simu ya bei kuliko salio lake la ada. Alama angalau zinatoka ofisi ya masajili zikiwa na muhuri. "Ukigawa kwa alama unaweza kukosea, lakini hutadanganywa. Ukigawa kwa haja utakosea na utadanganywa."

Sikuwa na jibu zuri. Nikamwambia kwamba kigezo kinachopimika si lazima kiwe kigezo cha haki, kama mtu aliyepoteza ufunguo gizani akautafuta chini ya taa kwa sababu huko kuna mwanga. Alitikisa kichwa tu. Tuliendelea hivyo mpaka adhana ya Magharibi.

Tuliporudi, Amira, ambaye alikuwa mtu wa tatu na hakuwa amesema neno, akauliza swali. "Huyu dada wa famasia, mnamjua?" Tukasema tunajua alama zake. Akasema, "Mimi nalala chumba cha pili kutoka chake. Anafunga Jumatatu na Alhamisi. Na Jumanne. Na Jumatano. Mnadhani ni sunna yote hiyo?"

Tulinyamaza. Baba yake, tukaja kujua, alikuwa amelazwa tangu mwanzo wa mwaka, na nyumba nzima ilikuwa inamtazama mama anayepika vitafunio vya kuuza. Hakuandika hata neno moja la hayo. Amira alipomuuliza baadaye kwa nini, alijibu kwamba tangazo lilisema ufaulu, naye ufaulu anao, na lau lingesema ni la maskini asingeomba. (Nimepata ruhusa yake kuandika haya, kwa sharti kwamba nisitaje jina wala mji. Sharti nimelitimiza.)

Ndugu msomaji, mimi nasoma tafsiri ya Qur'ani kwa mitihani. Naijua aya ya 273 ya Suratul-Baqara, inayowataja mafukara ambao asiyewajua huwadhani matajiri kwa vile wanavyojizuia kuomba. Nimewahi kuijibia swali la alama ishirini nikapata kumi na saba. Na bado dada yule alikuwa mbele yangu kwa mistari sita na nikamweka upande wa wenye nacho, kwa sababu hakulia vizuri.

Hapo ndipo fikra yangu ilipogeuka, au tuseme ilipinda, maana haikurudi ilikotoka. Nilikuwa nimeuona ufadhili wa alama kama mlango wa wenye bahati. Sikuwa nimeona kwamba pia ni sitara. Unampa mwenye haja njia ya kupokea bila kunyoosha mkono. Ukiambiwa "umepewa kwa sababu umefaulu", unarudi bwenini na uso wako. Wafadhili wakubwa wanaotaka alama, hata kama hawakukusudia, wamewafunika wengi nguo ambayo visanduku vya sadaka haviwezi kuwafunika.

Na nikiwatazama watu wetu wa kale naona hawakutenganisha mambo haya mawili kwa kisu kama tunavyotenganisha sisi. Imamu Abu Hanifa alipomkosa Abu Yusuf kwenye darsa, kijana ambaye wazazi wake walitaka aende akatafute riziki kwa sababu ya ufukara, alimpa mfuko wa dirhamu mia na kumwambia asiache darsa, na zikiisha amjulishe. Kwa nini yeye? Kufa kilikuwa na vijana maskini wengi. Alimpa kwa sababu alikuwa maskini na kwa sababu alikuwa ahli. Matokeo yake ni mwanachuoni ambaye baadaye alikuwa kadhi mkuu wa dola ya Abbasi. Kwa upande mwingine, al-Ghazali na ndugu yake Ahmad waliingia madrasa wakiwa mayatima baada ya fedha alizoziacha baba yao kuisha mikononi mwa rafiki yake aliyewalea. Aliwashauri waende madrasa kwa sababu wanafunzi walipewa chakula. Hakuna aliyewauliza wastani. Kijana aliyeingia kwa ajili ya mkate ndiye aliyefundisha Nidhamiya ya Baghdad kuanzia mwaka 1091. Na al-Azhar ilikuwa na riwaki, makazi ya wanafunzi wa kigeni kwa asili zao: riwaki ya Wamaghribi, ya Washami, ya Waturuki, na riwaki ya Jabarti ya watu wa Uhabeshi na pembe yetu hii ya Afrika, ambamo familia ya mwanahistoria al-Jabarti ilikuwa viongozi. Kilichokupa mkate pale ni kwamba umetoka mbali na umekuja kusoma. Waqfu ulimtazama msafiri.

Leo mambo yamepangwa kwa tarakimu. Ufadhili wa serikali ya Uturuki, ulioanza kwa jina lake la sasa mwaka 2012, unataka angalau asilimia 70 kwa shahada ya kwanza na 90 kwa udaktari, na mwombaji awe chini ya miaka 21. Sisemi ni dhuluma. Huwezi kusoma maombi ya dunia nzima kwa macho ya Abu Hanifa. Lakini mtu aliyepoteza miaka miwili kwa vita vya mji wake, anafika kwenye dirisha lile akiwa na miaka 21 na siku moja. Asilimia haimwoni.

Mwanasosholojia Mwingereza Michael Young, ambaye kitabu chake cha mwaka 1958 ndicho kilicholieneza neno la Kiingereza la utawala wa wenye vipaji na juhudi, alikiandika kwa kejeli, kama onyo. Watu wakalichukua neno wakaacha onyo. Hilo halinishangazi. Sisi tumefanya hivyo na mengi matukufu zaidi.

Basi tuliamuaje? Tulimpa dada wa famasia. Hatukumpa kwa ajili ya baba yake. Hilo tulijizuia kulitumia, kwa sababu yeye mwenyewe alilizuia. Tulimpa kwa sababu tangazo lilisema ufaulu. Katika fiqhi ya waqfu sharti la aliyeweka waqfu huheshimiwa kama matini ya sheria inavyoheshimiwa, na ingawa mfuko wetu si waqfu, watu waliomba kwa maneno yale. Kuyabadilisha baada ya barua kufika, hata kwa nia njema, kungekuwa kumdhulumu aliyetuamini. Kura zilikuwa tatu kwa tatu. Ya kwangu ilikuwa nzito kuliko ninavyoweza kueleza.

Kumwambia ndugu wa Uvira nilienda mimi. Nilimkuta anavaa viatu vya kazini. Alisema alhamdulillah, akauliza kama aliyepata ni mtu mwenye shida, nikasema sijui niseme nini, akasema basi ni mwenye shida. Akaenda kazini. Tulichangishana watatu sisi, haikutosha. Alikosa mitihani miwili na anairudia muhula huu. Sitaki kulipamba hili kwa maneno ya subira. Alikosa mitihani miwili, na mmoja wao ni wa somo ambalo tumekuwa tukisoma pamoja, na mimi niliufanya.

Tangu siku ile nimekuwa nikijaribu kusema kwa usahihi ninachokiamini, na nimefika hapa. Alama zinaweza kuwa kigezo cha haki cha kuchagua, na wakati huo huo zisiwe sababu ya kumiliki. Mfadhili ana ruhusa kumtafuta ahli. Famasia ni jambo la uhai wa watu, na atakayekosea kipimo cha dawa hatasamehewa kwa kuwa alikuwa maskini. Lakini aliyechaguliwa hana ruhusa kuona kwamba amechukua chake. Mchaguaji anatazama alama kwa haki, na mchaguliwa akizitazama alama zile zile kwa macho ya Qaruni anakosea. Kitu kimoja, pande mbili, hukumu mbili. Mafakihi hawashangazwi na jambo kama hilo.

Bado mweka hazina ananidai jibu juu ya 3.2. Je, wastani wa mtu anayelala saa tatu ni dalili ya nini? Mimi nasema 3.2 ile ni nzito kuliko 4.1 yangu, ambayo nimeipata nikiwa na meza, taa na chakula cha usiku. Yeye anasema huenda, lakini nikipewa mizani hiyo nimletee na mawe yake. Sina mawe. Ninalojua ni kwamba kamati inaweza kumwita mwombaji na kukaa naye nusu saa, jambo ambalo serikali ya Uturuki haiwezi kulifanya kwa kila mtu na sisi watu watatu tunaweza kwa watu kumi na mmoja. Udogo wa mfuko wetu ndio faida yake, nasi tuliuendesha kana kwamba ni mkubwa.

Kuna mfano mmoja ambao ningependa tuujadili. Benki ya Maendeleo ya Kiislamu ilianzisha mwaka 1983 mpango wa ufadhili kwa jamii za Waislamu katika nchi zisizo wanachama, na nchi yangu, Kenya, Tanzania na Kongo zimo katika kundi hilo. Utaratibu wake ni kwamba fedha zile kwa mwanafunzi ni qardhi hasan, mkopo usio na riba, lakini kwa jamii yake ni ruzuku. Akimaliza na kupata kazi anarejesha kidogo kidogo, na anayorejesha hayarudi benki, yanaingia mfuko wa jamii yake kusomesha wengine. Unajua utaratibu huo umemwambia nini kijana? Umemwambia: umechaguliwa kwa alama zako, na hiki si chako. Yote mawili kwa pumzi moja. Sijui kama sisi tunaweza kuwabebesha ndugu zetu mkopo, hata mwepesi, wakati wengine hawana hakika ya kazi. Dada wa famasia alipolisikia wazo hili alisema angelipenda kuliko sadaka. Ndugu wa Uvira alisema ana madeni ya kutosha.

Na jirani yangu wa Buyenzi? Nilimpigia mwezi uliopita. Nilikuwa nimepanga hotuba nzima. Nikamwambia sikumuuliza mjomba siku ile. Akakaa kimya, nikasikia kelele za soko, mtu anauliza bei ya chaja. Halafu akasema, "Nilijua. Mjomba wako alipita hapa mwaka jana, akaniuliza kwa nini sikuomba." Akanikatisha nilipoanza kuomba radhi, akasema ana mteja, nipige usiku. Nimepiga usiku mara mbili. Mara ya pili tuliongea saa nzima, zaidi juu ya mpira.

Kikao cha kuandika tangazo jipya la mfuko ni Jumamosi hii baada ya Alasiri, katika chumba kile kile nyuma ya maktaba ya msikiti. Nimeleta rasimu yenye mistari minne. Mweka hazina ameshaikata miwili. Mwenye rai aje nayo, na hasa wale tisa ambao barua zao tulizisoma haraka.